Sauti Kubwa Si Lazima Iwe Bayana

Amri isiyosikika ni sawa na amri isiyotolewa. Maneno "pita" na "sita" hutofautiana kwa herufi moja tu. Lakini askari aliyeambiwa asite, naye akasikia apite, aweza kulilipa kosa hilo kwa uhai wake. Kwa hiyo vipaza sauti vya kompyuta, ambavyo siku hizi hutumika katika vyumba vya mafunzo ya jeshi na polisi, si jambo la muziki na starehe peke yake.

Hivi karibuni tulihudhuria somo lililorekodiwa. Walioketi nyuma walilalamika kwamba hawakuyapata maneno. Sauti ikaongezwa, ngurumo ikazidi, na maneno yakazidi kufifia. Papo hapo pakatolewa shauri la kuomba vipaza sauti vipya. Hatukuliafiki shauri hilo. Vyombo havikuwa vibovu. Sauti ilikuwa haijasawazishwa.

Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Ngurumo hukaa chini, irabu hukaa katikati, na konsonanti kali hukaa juu. Herufi "s" hupata sehemu kubwa ya nguvu zake juu ya mitetemo 4,000. Ngurumo ikitawala, konsonanti hufunikwa. "Pita" na "sita" yote mawili hubaki "ita".

Programu ya kusawazisha huigawa sauti katika mafungu, na kila fungu hupandishwa au kushushwa peke yake. Mojawapo ni Equalizer APO, inayotumika katika kompyuta za Windows, nayo hutolewa bila malipo. Katika chumba kile tulishusha mafungu yaliyo karibu na mitetemo 200 kwa desibeli 4, tukapandisha kidogo yale ya juu ya 2,000. Waliokuwa nyuma wakasikia, wala haikutumika hata senti moja ya umma.

Kanuni ya kwanza, basi, ni kupunguza kilichozidi kabla ya kuongeza kilichopungua. Kila desibeli 3 zinazoongezwa hudai nguvu za umeme takriban maradufu. Desibeli 10 hudai mara kumi. Kipaza sauti kidogo kikilazimishwa kutoa ngurumo kisichoiweza, hukwaruza na huweza kuharibika. Na anayepandisha fungu lolote hana budi kushusha kiwango cha jumla kwa kadiri ile ile, ili sauti isikatwe vilele.

Hatusemi kwamba programu ni dawa ya kila ugonjwa. Haiwezi kuziba kipaza sauti kilichopasuka, wala kuondoa mwangwi wa ukumbi mtupu. Kipimo kinachofaa chumba kimoja huenda kisifae kingine. Aidha, hakuna askari anayeruhusiwa kuingiza programu katika kompyuta ya kazi bila idhini ya wakuu wake. Usalama wa mitambo hutangulia ubora wa sauti.

Hata hivyo, tunawasihi makamanda na wakufunzi: kabla ya kutia sahihi ombi la vifaa vipya, mteueni mtu mmoja aketi safu ya nyuma kabisa, asomewe maneno kumi yanayofanana, naye ayaandike. Akikosea, sawazisheni sauti, kisha mumpime tena. Nidhamu ya askari huanzia sikioni.