Fulana Yako Yasema Nini?



Ni vazi gani lililo jepesi na livaliwalo na wakubwa kwa wadogo kama fulana? Huko Ngumbo, katika ufuko wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, mvuvi huivaa avutapo wavu, na mwanawe huivaa atumwapo dukani. Kwa kuwa tumeizoea mno, twasahau kuuliza ilitoka wapi, na yabeba nini.

Jina lake latokana na neno la Kiingereza flannel, yaani kitambaa laini cha sufu ambacho zamani kilishonewa nguo za ndani. Na kwa hakika fulana ilikuwa nguo ya ndani. Mwaka 1913 jeshi la majini la Marekani liliiingiza katika mavazi ya mabaharia wake fulana nyeupe ya pamba, yenye mikono mifupi, ivaliwe chini ya sare. Penye joto, mabaharia walivua sare wakafanya kazi na fulana peke yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili askari waliorudi makwao waliendelea kuivaa, na mwaka 1951 mchezaji Marlon Brando alipoonekana nayo katika sinema, vijana wengi wakamwiga. Hivyo nguo ya kufichwa ikatoka nje.

Ilipotoka nje, ikaanza kusema. Mwaka 1948 wafuasi wa Thomas Dewey, aliyegombea urais wa Marekani, walikuwa wamekwisha piga chapa jina lake juu ya fulana. Leo kifua cha mtu ni ubao wa matangazo: ya siasa, ya biashara, hata ya ulevi. Pietra Rivoli, mwalimu wa Chuo Kikuu huko Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2005 safari ya fulana: pamba yalimwa Texas, vazi lashonwa China, lavaliwa Marekani, kisha laishia mitumbani Manzese, Dar es Salaam.

Hapa ndipo penye jambo. Mzazi achaguapo mtumba hutazama uimara wa kitambaa, na afanya vema. Lakini maandishi ni ya lugha ngeni. Basi kijana asiyepata kuonja pombe huitangaza mgongoni, na aliye safu ya nyuma huyasoma maneno hayo katikati ya Sala. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) aliswali katika shuka yenye nakshi, zikamshughulisha; akaamuru ipelekwe kwa Abu Jahm, na aletewe ile isiyo na nakshi. Ikiwa nakshi zashughulisha, sembuse maneno?

Basi, kabla ya kulipa, mwiteni mtoto aliyesoma awasomee mbele na nyuma. Kisha kijana aijaribu kwa kuinama: mgongo ukionekana, hiyo ni fupi kwa Sala. Yenye maneno mabaya iachwe pale pale gengeni, ijapokuwa bei yake ni ndogo.