Bendera Bila Tiketi

Raundi ya kwanza nilishindwa nikiwa angani, nimefunga mkanda, nakula wali wa ndege. Katika mji mmoja wa Ulaya, mpinzani wangu alikaa mbele ya kiti kitupu, saa ikabonyezwa, muda wa kusubiri ukaisha, akaandikiwa pointi. Sikusogeza kete hata moja.

Viza ilitoka siku moja kabla ya mashindano. Ada yake euro 90, hairudishwi hata wakikunyima. Juu yake weka bima ya safari, taarifa ya benki, barua ya mwajiri, barua ya mwaliko, na swali la dirishani: "Tutajuaje kama utarudi?" Kubadilisha tiketi kulimaliza mkopo ambao mama aliuchukua kwenye kikoba chake. Mama hajui sataranji. Anajua marejesho ni kila Jumamosi.

Kwa hiyo mtu akiniambia huu ni mchezo wa usawa, kwamba mtoto wa Manzese na mtoto wa Oslo wote wanaanza na kete 16, namjibu: ubaoni, ndiyo. Lakini ubao wenyewe uko wapi? Ili uwe grandimasta unahitaji kufikia kiwango cha alama 2500, pamoja na matokeo ya juu katika michezo isiyopungua 27, na katika mashindano hayo lazima ukutane na magrandimasta wasiopungua watatu. Tanzania hatuna hata mmoja. Amon Simutowe wa Zambia, aliyepewa cheo hicho mwaka 2009, alisomea Marekani. Kipaji chake hakina ubishi. Swali langu ni hili: angebaki nyumbani, angecheza na nani?

Shirikisho la dunia, FIDE, lilianzishwa Paris mwaka 1924, na kauli mbiu yake ya Kilatini inasema sisi ni familia moja. Mimi kwa shangazi yangu sijawahi kwenda na taarifa ya benki.

Ila nisiwaonee Wazungu peke yao. Wiki mbili kabla ya safari niliitwa kwenye ofisi moja hapa nyumbani kukabidhiwa bendera. Kiongozi alichelewa saa mbili, akahutubia, tukapigwa picha. "Kaipeperushe vyema bendera ya Taifa," akasema. Nikamwomba, kwa heshima zote, atusaidie nauli. Akacheka, akanipiga begani, akaniambia uzalendo haununuliwi. Kweli haununuliwi. Tiketi inanunuliwa.

Wapo watakaosema shule zetu hazina madawati, na wewe unataka nauli ya mchezo wa kukaa. Sawa, msinipe. Waleteni magrandimasta watatu Dar es Salaam. Wengi wao wanaomba viza yetu mtandaoni kwa dola 50, wakiwa wamejilaza makochini, wala hakuna anayewauliza kama watarudi. Gharimieni safari za watu watatu tu, halafu vijana wetu, pamoja na wenzao wa Nairobi, Kampala na Lusaka wanaoweza kuja kwa basi, wacheze nao raundi tisa. Mwaka unaofuata tuhamie Nairobi, kisha Kampala. Badala ya mmoja wetu kuhangaika na viza ili akacheze huko, watafaidi vijana kadhaa. Picha na bendera tutapiga siku ya kufunga.

Nilimaliza na pointi nne na nusu kati ya tisa. Niliporudi, dogo mmoja ninayemfundisha, ana miaka 13, alinisubiri na ubao ameshaupanga. Huwa tunapitia michezo yangu yote, kete kwa kete, hasa niliyofungwa. "Kaka, anza na raundi ya kwanza. Ulikosea wapi?"

Nilitazama zile kete 32 zilizotulia mahali pake, nikakosa cha kumwonyesha.

Zamu yake itafika. Akifungwa, afungwe na mtu aliyekaa mbele yake. Asifungwe na dirisha.