UFUNGUO WA WI-FI UKO MU MIKONO YA WATOTO

Mara hii sisi makapita hatutasema juu ya wanaochelewa kengele wala juu ya zamu ya kufagia. Tunataka kusema juu ya kitu kinachoingia mu nyumba zetu pole pole, na wazazi wengi hawajakizoea bado: Wi-Fi ya nyumbani, na namna ya kuifunga ili mutu asiyeruhusiwa asiingie.

Mwingine atasema: “Ile ni habari ya Kolwezi, si ya kwetu Musumba.” Si kweli tena. Kwanza, wengi wetu tuko na baba mkubwa ao dada kule Kolwezi, na wakati wa konje tunalala kwao. Pili, simu ya leo yenyewe inaweza kuwa Wi-Fi: baba ananunua mega, anafungua koneksio ya simu yake, na watoto watatu wanaingia. Tatu, mu Mei 2025 ARPTC, mamlaka ya posta na mawasiliano ya inchi yetu, iliipatia Starlink ruhusa ya kufanya kazi. Sahani yake inazungumza na setelaiti juu, haingoji mnara wa simu ujengwe karibu. Kwa hiyo mahali palipo mbali na barabara kubwa panaweza kuwa na Wi-Fi sawasawa na mjini.

Basi, tuulize: nyumbani, nani anapanga ile Wi-Fi? Baba anatoa feza, halafu anamwita mtoto: “Weye unayesoma, kuja upange hii kitu.” Mtoto ndiye anachagua neno la siri, ile watu wanaitaka modepasi. Mtoto ndiye anaikumbuka, na mtoto ndiye wenzake wanamfuata njiani kumwuliza. Ufunguo wa mlango unalala chini ya mto wa baba, lakini ufunguo wa Wi-Fi uko mu mikono ya mtoto wa miaka kumi na minne. Sisi tunaona kwamba hiyo ni kazi ya mutu mzima, na tunapaswa kuifanya kama watu wazima.

Kuna wenzetu wanaobisha. Wanasema: “Wi-Fi ni hewa tu, haipungui. Kumnyima jirani ni choyo.” Tuangalie vizuri lile neno. Ni kweli mawimbi ya Wi-Fi hayajui ukuta wa mutu. Yanapita ukuta wa matofali, yanafika mu lupango ya jirani na mpaka barabarani, mita makumi mbali. Lakini mega si hewa. Mega zinanunuliwa. Vijana wanne wakikaa nyuma ya ukuta na kutazama video usiku, forfe ya mwezi inakwisha mbele ya mwezi, na baba anafikiri kampuni imemwibia. Hata kama mzee amelipia koneksio isiyohesabu mega, njia ni moja: wengi wakipita, wote wanakwenda pole pole, na mwanafunzi anayetafuta somo la mtihani wa Serikali anangoja.

Tena feza si jambo kubwa kuliko yote. Mutu aliyeingia mu Wi-Fi yako anatokea mu intaneti kwa jina la nyumba yako. Akituma matusi, akidanganya mutu ili amwibie feza, njia itakayofuatwa kwanza inafika mlangoni kwa baba yako, si kwake. Na akiwa ndani anaweza kujaribu kufungua ukurasa wa kisanduku chenyewe, abadilishe modepasi, amfungie inje mwenye nyumba. Inchi yetu iko na sheria juu ya mambo haya: Kodi ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inakataza kuingia mu mashini ao mtandao wa mwingine bila ruhusa. Wanaojisifu darasani kwamba “tumevunja Wi-Fi ya mzee fulani” wajue kwamba ule si ujanja. Ni wizi, kama kuingia mu jiko la watu kwa dirisha.

Sasa, namna gani tunafunga? Tutasema kwa kifupi, kila mutu afuate nyumbani kwao.

Jambo la kwanza ni modepasi yenyewe. Wi-Fi inataka herufi nane ao zaidi, mpaka 63. Kwa sababu ya ile nane, watu wanaandika 12345678, ao jina la mtoto na mwaka, ao nambari ya simu. Nambari ya simu ni mbaya sana, na tunaweza kupiga hesabu. Kwetu nambari iko na tarakimu kumi. Tatu za kwanza kila mutu anazijua: 081, 097, 099, 084 na nyingine chache. Zinabaki saba, maana yake njia milioni 10 kwa kila mwanzo. Kwa mutu ni nyingi, lakini mashini yenye nguvu inazimaliza mu dakika chache. Chagua maneno manne yasiyohusiana, uyaunganishe: jina la mti, la chombo, la rangi, la mnyama, hata ukichanganya Kiswahili na Kiruund. Mama anaweza kuyashika mu kichwa, na mashini itachoka.

La pili: kisanduku kiko na mafunguo mawili, na wengi wanajua moja tu. Moja ni ya kuingia mu Wi-Fi. Ingine ni ya kuingia mu ukurasa wa kukipanga, na mara nyingi kinatoka dukani na neno “admin” tu. Mu mwaka 2016 programu mbaya iliyoitwa Mirai ilijaribu orodha fupi ya maneno kama yale, na ikashika kamera na visanduku vingi sana mu dunia, kwa sababu wenye navyo hawakuyabadilisha. Badilisha ile ya pili siku unapofungua karatoni.

La tatu ni aina ya kufuli. Mu ule ukurasa utaona majina: WEP, WPA, WPA2, WPA3. WEP ni ya zamani. Tangu 2001 wataalamu walionyesha inavunjika. Usiichague hata kidogo. WPA2 ilitoka 2004, WPA3 ilitoka 2018. Kama kisanduku kiko na WPA3, chukua ile. Kama hakina, chukua WPA2. Wala usiache “wazi” hata siku moja, ukisema utafunga kesho.

La nne: kuna kifungo kinachoitwa WPS, cha kuingia bila kuandika modepasi. Kinatumia pia nambari ya tarakimu nane. Mu Desemba 2011 mtaalamu Stefan Viehböck alionyesha kwamba mwizi hahitaji kujaribu milioni 100. 11,000 zinatosha, kwa sababu kisanduku kinajibu nusu kwa nusu. Kizime.

La tano: kubali programu mpya za kisanduku na za simu. Mu 2017 Mathy Vanhoef, wa chuo kikuu cha Leuven kule Ubelgiji, aligundua kosa mu WPA2 yenyewe. Kampuni zilitengeneza dawa, lakini dawa ilikuwa mu programu mpya. Aliyekataa kwa kuogopa kumaliza mega alibaki na shimo lake.

Tuwaonye pia juu ya makufuli ya uongo. Wengine wanaficha jina la Wi-Fi, wanafikiri wamefunga. Ni kama kuondoa nambari ya nyumba na kuacha mlango wazi: kuna programu ambazo zinaliona lile jina hata limefichwa. Wengine wanaandika orodha ya simu zinazoruhusiwa, lakini mjuzi anaweza kuiga alama ya simu moja ya ile orodha. Hayo yote hayashindi modepasi nzuri.

Wanaotumia simu kama Wi-Fi, na hapa kwetu ni wengi, wafuate hayo hayo: modepasi ndefu, na kuzima mara kazi inapokwisha. Inalinda mega, inalinda na batri.

Lakini, wandugu, hata kufuli la chuma halisaidii kama mwenye ufunguo anautoa ovyo. Leo simu nyingi zinaonyesha mchoro wa QR wa Wi-Fi: mwenzako anaelekeza kamera, mara moja ameingia. Ule mchoro unabeba modepasi ndani yake. Ukimpa mmoja, yeye anaweza kumpa mwingine, na jioni mtaa mzima uko ndani. Tena kuna programu, kama WiFi Map na Instabridge, ambazo kazi yao ni kugawa modepasi za Wi-Fi kwa watu wasiojuana. Mtoto anayeandika mule modepasi ya nyumbani, ili na yeye apate za wengine, ameuza mlango wa baba bila baba kujua. Wazee walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Wi-Fi nyingi hazivunjwi na mwizi wa mbali. Zinatolewa na mtoto wa nyumba.

Je, tunafundisha choyo? Hapana. Tunakaa Musumba, mji wa Mwant Yav, na hapa tunajua maana ya kupokea mgeni. Lakini tunajua pia kwamba jumba la mfalme liko na ua. Mgeni anapokelewa kwa heshima mahali pa wageni, hapiti moja kwa moja mpaka ndani. Visanduku vingi vya leo viko na kitu kama kile: mtandao wa wageni, wenye jina lake na modepasi yake. Mgeni anasoma ujumbe wake, lakini vyombo vya nyumba havioni. Siku akienda, unaibadilisha ile modepasi, na watu wa nyumba hawasumbuki. Kama jirani anataka kusomea mtihani, aje aombe kwa mwenye nyumba, apewe kwa saa fulani, hata wachange mega pamoja. Kupewa hivyo ni ujirani. Kuchukua nyuma ya ukuta kunaharibu ujirani, kwa maana siku mwenye nyumba atakapojua, atafungia wote, mwizi na mwombaji.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Wakati wa konje, kila mwanafunzi akae na mzazi wake saa moja, wafunge Wi-Fi ao simu ya nyumbani pamoja, na modepasi iandikwe mahali baba na mama wanapajua, si mu kichwa cha mtoto peke yake. Na mwenzako akikuambia, “Nipe modepasi ya kwenu, petit, usikuwe na choyo,” umjibu kwa upole: “Si yangu. Tuende tumwombe baba.”

Baba atakubali ao atakataa. Ni mlango wake.

Makapita wa shule
Musumba