Mafahali Wawili Zizi Moja



Juma lililopita kijana mmoja alikuja ofisini kutaka cheti chake cha ubatizo, maana ndoa yake ilikuwa karibu kutangazwa. Kompyuta ya parokia, ambayo asubuhi ile nilikuwa nimeibadilishia programu ya kukinga virusi, ikagoma kabisa. Jina lake nililipata katika daftari la kale, lakini niliona haya.

Kosa lilikuwa langu. Nilimweka mlinzi mpya kabla ya kumwondoa wa zamani. Wote wawili wakataka kukagua kila faili, wakazuiana.

Basi yakiwapata ninyi, fanyeni hivi. Kwanza nakilini kazi zenu katika flashi. Ziondoeni programu zote mbili, kisha washeni kompyuta upya. Mabaki yakisalia, tumieni programu ya kusafisha itolewayo na watengenezaji wenyewe, wala si na mtu mwingine. Msihofu: katika Windows 10 na 11, Defender hurudi kazini yenyewe mlinzi mwingine akiondoka. Ndipo wekeni mmoja tu.

Na daftari la karatasi msilitupe.