Nilivunja Kibubu cha Uzeeni Nikarudi Darasani

Mwezi huu tuache wivu na mawifi. Tuongee ule ugomvi ambao wanandoa wengi tunaufanya chumbani kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie: ugomvi wa pesa.

Nilikuwa na miaka 38 na stashahada ya uhasibu. Nafasi ya juu yangu ilipokuwa wazi, akaletwa kijana mwenye shahada, na mimi ndiye niliyemfundisha kazi. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu, "Baba Neema, naacha kazi. Nachukua mafao yangu NSSF, nasoma."

Wazo lenyewe nililitoa kwa shoga zangu, ambao zamani waliwaona watu wakijitoa na kuondoka na hela zao. Jamani, mambo yamebadilika! Tangu sheria za 2018, kilichopo ni fao la kukosa ajira. Mwenye taaluma analipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, tena awe amepoteza kazi, si ameiacha kwa hiari yake kama nilivyotaka mimi. Nilikuwa nimechangia miezi 112, na pensheni ya uzeeni inataka isiyopungua 180. Yaani ningeacha kazi na kubaki na miezi 68 ya deni kwa uzee wangu mwenyewe.

Hapo nikakumbuka vipande vyetu. Tangu tuoane tulikuwa tunaweka akiba kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, tumeiita "ya uzeeni". Ilishafika milioni 6, na vile vipande unaweza kuviuza wakati wowote.

Baba Neema akakataa katakata. "Akiba haiozi, Mama Neema." Nikamjibu kwamba elimu haina mwisho. Akanyamaza, kisha akasema kitu ambacho kwa miaka 11 ya ndoa sikuwahi kukisikia. Baba yake alistaafu ualimu, na kiinua mgongo kiliisha ndani ya miaka miwili kwa kusaidia kila aliyebisha hodi. "Kila mwisho wa mwezi mzee ananipigia simu kuomba, na sauti yake inakuwa ndogo. Sitaki Neema aje kuisikia sauti yangu hivyo."

Si unajua tena, mimi nilidhani ananionea wivu nisimpite kwa elimu! Kumbe mwenzangu alikuwa na hofu.

Tukachukua kalamu. Milioni 6 ikikua kwa asilimia 10 kila mwaka, baada ya miaka 20 ni zaidi ya milioni 40. Thamani ya shilingi itakuwa imeshuka, sawa, lakini bado si hela ya kuchezea. Tukitoa nusu, tunajinyima kama milioni 20 za uzeeni. Kwa hiyo swali likabadilika: je, shahada hii italeta zaidi ya hapo?

Tukakubaliana hivi. Siachi kazi, nasoma jioni, michango yangu iendelee kuingia. Tunatoa milioni 3 tu, ada inayobaki inatoka kwenye mshahara wangu muhula kwa muhula. Nikimaliza, narudisha laki moja kila mwezi kwa miezi 30.

Nisikudanganye, haikuwa rahisi. Miaka mitatu nilirudi nyumbani saa nne usiku, Neema kalala, chakula kimefunikwa na baba yake. Nilimaliza. Cheo sijapata mpaka leo, ila mshahara umepanda, na mwezi huu nimerudisha laki ya 14. Karatasi ya hesabu iko mlangoni kwa friji, Baba Neema ndiye anayeweka tiki.

Kwa wewe unayefikiria njia hii, nakuachia haya:

Kwanza, usiache kazi kwa ajili ya mafao kabla hujaenda kuuliza mwenyewe unachostahili. Maneno ya shoga si sheria.

Pili, tafuta masomo yanayokuacha kazini. Kuna madarasa ya jioni, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, kinafundisha kwa masafa. Mwulize pia mwajiri wako kama anachangia.

Tatu, hela ya uzeeni ichukulie kama mkopo, na tarehe ya kurudisha iandikwe kabla hujaitoa.

Nne, mwenzako akisema hapana, muulize anaogopa nini. Mimi nilichelewa kuuliza, na tulinuniana wiki tatu bure.

Tukutane mwezi ujao. Mpendane!