Nani Hunufaika na Mchawi? Nia na Mahusiano ya Wahusika katika The Crucible, Ikisomwa Kutoka Chala

Tamthilia ya The Crucible ya Arthur Miller, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwezi Januari 1953, aghalabu husomeshwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza huifanya istiara ya siasa: kesi za uchawi za Salem za mwaka 1692 husimamia msako wa Wakomunisti uliofanywa Marekani enzi za Seneta Joseph McCarthy. Njia ya pili huifanya kisa cha mapenzi: kijakazi aliyefukuzwa na bibi wa nyumba amtamani mume wa bibi huyo, na kwa tamaa yake mji mzima waangamia. Njia zote mbili zina ukweli ndani yake, na zote mbili hulikwepa swali ambalo tamthilia yenyewe hailikwepi hata kidogo: ni uhusiano gani hutangulia tuhuma ya uchawi, na ni nani hunufaika nayo? Makala haya yanadai kwamba swali hilo ndilo kiini cha tamthilia, na kwamba msomaji wa Chala, Taveta, au wa vilima vya Taita, ana uzoefu wa kutosha wa kulijibu bila kusubiri mwongozo kutoka mbali.

Mzigo wa Abigail

Ianzwe na njia ya mapenzi, maadam ndiyo inayopendwa zaidi na wanafunzi. Inajulikana kwamba Abigail Williams wa kihistoria alikuwa mtoto wa miaka 11 au 12, na John Proctor wa kihistoria alikuwa mzee wa miaka 60 hivi. Miller alimwongezea binti umri hadi miaka 17, akampunguzia Proctor, kisha akabuni zinaa kati yao. Huo ni uhuru wa mtunzi, wala hakuna haja ya kumlaumu. Kosa ni la mhakiki anayeuchukua ubunifu huo na kuufanya ufunguo wa milango yote.

Tamaa ya Abigail inaeleza tuhuma moja tu, ile ya Elizabeth Proctor. Haielezi kwa nini Rebecca Nurse, bibi kizee anayeheshimiwa na mji mzima, anashtakiwa. Haielezi kwa nini Martha Corey anashtakiwa, wala George Jacobs. Tamthilia inatoa sababu za hao waziwazi. Ann Putnam amezika watoto wachanga saba, ilhali Rebecca ana watoto na wajukuu tele. Uchungu wa mmoja unageuka kuwa hatia ya mwingine. Martha Corey anashtakiwa na Walcott aliyenunua kwake nguruwe ambaye hakuishi. Thomas Putnam anadaiwa na Giles Corey mahakamani kuwa amemtumia bintiye kumshtaki Jacobs, kwa sababu mchawi akinyongwa mali yake hutaifishwa, na Putnam ndiye pekee mwenye fedha za kuinunua ardhi hiyo. Abigail ni kiberiti. Kuni zilikuwa zimekwisha kukaushwa na majirani kwa miaka mingi.

Si hivyo tu. Mhakiki anayemtaja Abigail kuwa 'mhusika mwovu', kisha akafunga daftari, anairudia dhambi ya Salem yenyewe: kumtafuta mtu mmoja abebe uovu wa wote. Na anamtafuta pale pale Salem ilipotafuta, yaani miongoni mwa wanyonge. Abigail ni yatima na kijakazi. Mary Warren ni kijakazi anayetishiwa mjeledi na Proctor huyo huyo tunayefundishwa kumwita shujaa. Tituba ni mtumwa, na anaungama ili aokoke na kipigo na kamba. Katika mji ambao watu wa namna hiyo hawasikilizwi na yeyote, kutuhumu ndiyo kauli yao ya kwanza kusikilizwa. Hilo haliwaondolei hatia wasichana hao, lakini linaonyesha hatia hiyo ilivyozaliwa. Isitoshe, Proctor alikuwa mwajiri aliyelala na kijakazi wake. Uhakiki unaoliita tendo hilo udhaifu kwa mwanamume na uovu kwa binti si uhakiki. Ni uzee wa baraza.

Mipaka ya istiara

Njia ya istiara ni ya heshima zaidi, na historia inaiunga mkono. Mwaka 1956 Miller mwenyewe aliitwa mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyokuwa ikisaka Wakomunisti, akakataa kuwataja wenzake. Mwaka 1957 alitiwa hatiani kwa kuidharau kamati hiyo, na mwaka 1958 hukumu ikatenguliwa. Proctor naye anakataa kuwataja wengine, tena miaka mitatu kabla ya mtunzi wake kutakiwa kufanya vivyo hivyo.

Hata hivyo istiara inaeleza kwa nini Miller aliandika. Haielezi kwa nini Putnam anashtaki. Mhakiki akishatamka jina la McCarthy, wahusika hugeuka vivuli: Danforth ni kamati, Proctor ni msanii, wasichana ni mashahidi wa uongo. Mahusiano yao kwa wao hayana kazi tena. Kijiji chenye kuni zinazogombewa, mipaka inayobishaniwa na vitanda vilivyopoa hupotea, na pamoja nacho hupotea jambo ambalo tamthilia inalijua vyema: kwamba tuhuma ya uchawi haimwendei mgeni kwanza. Kikulacho kimo nguoni mwako. Anayetuhumiwa ni jirani, jamaa au mke.

Hasira iliyofichwa

Hapa ndipo Taita Taveta inapoweza kuufunza uhakiki. Grace Harris, aliyefanya utafiti Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1978, alionyesha kwamba dini ya Wataita ilijengwa juu ya wazo moja kuu: hasira iliyofichwa moyoni huwadhuru wale walio karibu, hata mwenye hasira asipokusudia. Dawa yake ni kutasa: mtu hutema kinywaji kwa mpulizo, huku akitamka maneno ya kuiondoa hasira na kuomba heri. Hasira hukubaliwa kuwa ipo, hutajwa, kisha hutolewa nje.

Wazo hilo likipelekwa Salem, Sehemu ya Pili ya tamthilia inasomeka upya. Proctor na Elizabeth wanakula chakula, wanazungumzia mashamba na majira, na kila neno limebeba jambo lisilosemwa. Mume anadai msamaha ambao hajauomba kwa dhati. Mke anaficha jeraha ambalo kila kitu mezani kinalionyesha. Salem haina kutasa. Ina mimbari ya Parris, ambaye ana uchungu wake mwenyewe kuhusu kuni na mshahara. Kisha ina mahakama. Kwa hiyo hasira inapotoka, hutokea mahali pekee palipofunguliwa, nayo hutoka ikiwa imevaa jina la mtu mwingine. Katika mahakama hiyo ungamo la uongo linaokoa maisha na neno la kweli linaua. Elizabeth, ambaye mumewe ameapa kuwa hasemi uongo, anasema uongo mara moja tu, kwa mapenzi, na uongo huo unamwangamiza mumewe.

Ni katika Sehemu ya Nne, gerezani, ambapo wawili hao wanasemezana hatimaye. Elizabeth anakiri ubaridi wake mwenyewe, tena bila ya kulazimishwa na hakimu. Mandhari hayo hayahusu siasa wala tamaa. Ni hasira iliyotajwa na kutolewa, ikiwa imechelewa. Mhakiki asiyeuona uhusiano kati ya mazungumzo hayo na uamuzi wa Proctor wa kuichana karatasi ya ungamo hajaielewa nia ya mhusika mkuu: Proctor anaweza kukataa uongo wa mahakama kwa sababu hana tena uongo nyumbani.

Chala yenyewe ina masimulizi ya kale kwamba chini ya maji ya ziwa hilo kuna makazi ya watu yaliyozama, na kwamba sauti zao na za mifugo yao bado husikika. Kilichozamishwa hakinyamazi. Mwanafunzi aliyelisikia simulizi hilo utotoni hahitaji kufundishwa maana ya ukimya wa meza ya akina Proctor.

Haifai, lakini, kuipamba Taita. Hapo napo tuhuma zimekuwepo, na James Howard Smith, katika kitabu chake cha mwaka 2008, anaeleza jinsi hofu ya uchawi ilivyofungamana na ugomvi juu ya maendeleo katika miaka ya 1990. Kuwa na dawa si kinga ya ugonjwa. Lakini jamii yenye jina la hasira inaweza angalau kuuliza hasira ni ya nani.

Ardhi na sheria

Swali la ardhi nalo si geni Taveta. Sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya huko iliingia katika mashamba ya mkonge ya walowezi, ya Ewart Grogan yakiwa mashuhuri zaidi. Na tangu mwaka 1948 Hifadhi ya Tsavo imechukua zaidi ya nusu ya eneo la Taita Taveta. Watu waliobanwa kwenye ardhi iliyobaki wanajua mpaka wa shamba unavyoweza kuwageuza ndugu kuwa maadui. Kwa msomaji kama huyo, Giles Corey anayekufa chini ya mawe bila kujibu shtaka, ili ardhi yake iwafikie wanawe, si kichekesho cha mzee mkaidi kama anavyosawiriwa mara nyingi. Yeye ndiye mhusika aliyeielewa kesi mapema kuliko wote.

Na sheria? Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya mwaka 1925, inafanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa, isipokuwa tuhuma hiyo ikipelekwa kwa mkuu wa wilaya, polisi, chifu au mtu mwingine mwenye mamlaka. Yaani tuhuma ni kosa sokoni, lakini si kosa ofisini. Danforth angeielewa sheria hiyo bila mkalimani. Mwaka 1932 mahakama ya kikoloni jijini Nairobi iliwahukumu kifo wanaume 60 wa Kikamba kwa kumuua mwanamke waliyemwita mchawi; baadaye hukumu hizo za kifo zilibatilishwa. Mahakama iliuliza kama waliua. Chanzo cha chuki dhidi ya mama yule, yaani nini kilitokea kati yake na majirani kabla ya siku ile, ni swali la tamthilia, na ndiyo sababu tamthilia ni lazima.

Pingamizi la mwisho

Wapo wanaopinga kwamba ulinganisho huu haufai, kwa kuwa Salem hapakuwa na wachawi, ilhali Afrika wapo. Pingamizi hili halina uzito. Tamthilia haikuandikwa ili ithibitishe kama uchawi upo au haupo. Abigail mwenyewe alikunywa damu msituni akimtakia Elizabeth kifo, na Ann Putnam ndiye aliyemtuma bintiye kwa Tituba azungumze na wafu. Imani wanayo wote. Kinachowatenganisha ni nani ana nguvu ya kuielekeza.

Watunzi wa Kiswahili wamelijua hilo. Katika Mashetani (1971) ya Ebrahim Hussein, urafiki wa Juma na Kitaru unasumbuliwa na historia ya nani alipoteza na nani alipata baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Shetani anakaa katikati ya marafiki. Katika Kivuli Kinaishi (1990) ya Said Ahmed Mohamed, uchawi wa Giningi ni chombo cha mtawala. Bado tunasubiri tamthilia ya Kiswahili itakayomweka jukwaani yule anayetuhumu, jirani wa kawaida mwenye shamba dogo na jeraha la zamani.

Kusubiri huko kuna gharama. Oktoba 2021 wanawake wanne waliuawa Marani, Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Kilifi, wazee wanaotuhumiwa wamelazimika kukimbilia hifadhi ya Kaya Godoma. Mwanafunzi anayehitimu akiwa amejifunza tu kwamba Abigail ni mwovu na Proctor ni shujaa atarudi kijijini akiwa hana lolote la kusema siku kelele zitakapoanza. Aliyefundishwa kuuliza nani alikuwa na hasira, hasira hiyo ilifichwa wapi, na shamba la mshtakiwa litabaki kwa nani, atakuwa na maswali matatu ya kuuliza mbele ya umati. Idara ya fasihi isiyompa maswali hayo haina sababu ya kuisomesha tamthilia hii.