Ushuru wa Njia: Njia ya Pili Iko Wapi?

Bwana Mhariri,

Nakuomba nafasi ndogo katika kurasa za chama chetu, nipate kuwajibu wenzangu wanaosifu shauri la kutoza ushuru kila motokaa ipitayo katika barabara kuu. Neno lao ni moja: "Apitaye ndiye alipe." Ni neno tamu masikioni, walakini likipimwa kwa mizani ya haki, huonekana limepungua.

Kwanza, apitaye amekwisha kulipa. Mwaka 1998 nchi yetu iliunda Mfuko wa Barabara, na kila anunuaye petroli au dizeli huutilia fungu lake katika kila lita. Mwaka 2017 ada ya kila mwaka ya leseni ya motokaa ilifutwa, na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Mwaka 2021 tozo ya barabara ikaongezwa shilingi 100 kwa lita, kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Basi mwenye lori atokaye Mbeya kwenda Dar es Salaam huchoma mafuta mengi, naye hulipa mengi. Mwenye pikipiki aendaye shambani hulipa kidogo. Je, huku siko kulipa kwa kadiri ya kupita? Kumsimamisha tena kizuizini ni kumtoza mtu mmoja mara mbili kwa safari moja.

Pili, sisi makarani twajua gharama ya kukusanya fedha. Mafuta ya nchi huingia kwa bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na ushuru wake huhesabiwa mahali pachache. Bali kizuizi chataka nyumba, walinzi, watoza fedha wa usiku na wa mchana, stakabadhi, na wakaguzi wa kuwakagua hao watozao. Sehemu ya fedha huliwa na kizuizi chenyewe kabla haijanunua hata ndoo moja ya lami.

Tatu, na hili ndilo kubwa: ushuru wa njia ni haki pale tu penye njia ya pili. Wenzetu wa Uganda walipoanza kutozwa mwaka 2022 katika barabara mpya ya Kampala hadi Entebbe, barabara ya zamani ilibaki bure. Nairobi ni vivyo hivyo: barabara ya juu, iliyofunguliwa mwaka huo huo, ina ushuru, na Mombasa Road iliyo chini yake haina. Atakaye wepesi hununua wepesi. Asiye na fedha huenda polepole, lakini huenda. Kwa hiyo siipingi njia ya haraka inayokusudiwa kutoka Kibaha kwenda Chalinze na Morogoro, maadamu barabara ya zamani itaachwa wazi na kutunzwa vema.

Lakini hapa Nyololo njia ya pili i wapi? Barabara yetu ya Mafinga hadi Makambako ni moja, ndiyo hiyo hiyo iendayo Tunduma. Chai na mbao za Mufindi, magunia ya viazi na mahindi, mgonjwa apelekwaye hospitali Mafinga, wote hupita hapo. Wala mwenye lori hatalipa kwa mfuko wake: mkulima atampunguzia bei ya gunia, na abiria atamwongezea nauli. Kizuizi kitasimama mbele ya motokaa, bali mlipaji atakuwa mtu wa jembe asiye na hata baiskeli.

Watasema, "Mbona Zambia, ukivuka Tunduma, wana vizuizi?" Ni kweli, lakini mzigo wa jirani hautamaniwi. Watasema tena kwamba malori mazito ndiyo yavunjayo barabara. Nakubali; ndiyo maana mizani ipo Makambako, na malori ya nchi za kigeni hutozwa kwa kadiri ya mwendo. Azidishaye uzito na atozwe bila huruma, lakini basi la abiria lina kosa gani? Wako pia wasemao kuwa motokaa za umeme na za gesi zitakwepa ushuru wa mafuta. Hoja hiyo ina kweli, nami sitaifunika. Motokaa hizo na zitafutiwe ada yake zenyewe, asiadhibiwe anunuaye dizeli.

Twanene mapema, maana ushuru ukishaanza, kuupunguza ni kazi ya miaka. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016. Wapitao walilipa huku wakinung'unika, hata viwango vilipopunguzwa mwaka 2022.

Basi ndugu zangu, shauri hili likifika mezani penu, ninyi mnaoandika barua na kutunza hesabu, ulizeni jambo moja kabla ya yote: njia ya pili iko wapi? Ikiwa haipo, semeni wazi kwamba haipo, wala msinyamaze kwa kuwa ninyi hamna motokaa. Viazi mlavyo navyo husafiri.

Ndimi mwenzenu,
Karani wa Nyololo